Katekista Luhaga na Bibi Aliyemwamkia Mtoto Mchanga

Baba yangu, Yeremia Luhaga, alikuwa fundi baiskeli pale Busisi, hatua chache kutoka mahali inapotua pantoni ya Kigongo, ile ya kuvusha watu ziwa. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu wa kuzungumza habari za Mungu lazima awe na kola nyeupe na digrii mbili. Baba alikuwa na darasa la nne, pampu moja, kopo la viraka, na vidole vilivyoshiba grisi ambayo hata sabuni ya magadi ilishindwa kuitoa. Jioni na Jumapili alikuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo la kijiji kule juu ya mlima. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, lakini mtu akimwuliza anafanya kazi gani, aliitaja hiyo kwanza.

Mimi ni Odeta, binti yake wa pili. Sasa nafundisha shule ya msingi kule Ilemela, na nimesikia mahubiri ya kila namna, ya maaskofu na ya wenye spika kubwa. Bado sijamwona wa kumpita Baba. Anayeona najisifu, na yeye amsifu wa kwake.

Enzi zile, ukiacha sikukuu kubwa, Padre alifika kigangoni kwetu mara moja kila wiki sita. Siku nyingine zote Baba ndiye aliyeongoza ibada, akazika wafu, akafundisha wakatekumeni wa kujiandaa na ubatizo. Padre akija, Baba alishika vichupa vya divai na maji altareni. Akagundua kwamba kabla ya kuinua kikombe, Padre hutia tone la maji katika divai huku akinong'ona maneno ambayo waumini hawayasikii. Mtu mwingine angeliona hilo miaka arobaini asiulize. Baba aliuliza. Alimngoja padre wetu wa zamani, mzee mmoja wa kikohozi, amalize ugali wake na sato, kisha akasema, "Padre, pale kwenye tone la maji huwa unasema nini?"

Padre akamweleza. Ni sala fupi ya kuomba kwamba, kama maji yanavyoingia katika divai, na sisi tuingizwe katika umungu wa Yule aliyekubali kuingia katika ubinadamu wetu. Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda akitazama kikombe chake cha maji, mpaka Mama akadhani ana malaria, akaanza kutafuta vidonge.

"Tunaingizwa katika umungu," alituambia siku ya pili. "Sisi! Hata mimi na grisi yangu. Jambo kubwa namna hii, halafu linanong'onwa!"

Tangu siku hiyo aliwafundisha wakatekumeni wake habari hiyo kwa sauti. Lakini Baba hakuwa mtu wa kuropoka. Alijua pa kuishia. Mwanafunzi akiuliza huo umungu wenyewe ni kitu gani, alianza kuhesabu kwa vidole vile vyeusi. "Si jua. Si ziwa. Si mzee wa ndevu aliyepo kwenye picha ya ukutani. Babu zetu walimwita Seba, wakamwita Liwelelo, wakaongeza na majina mengine, maana hakuna jina lililomtosha. Ukifika hapo, nyamaza. Mtu akikuambia amemjua Mungu mpaka mwisho, huyo amekuchongea mungu mwingine."

Miongoni mwa wakatekumeni wake alikuwapo mjane mmoja, Bibi Ng'washi, mwenye umri wa kama miaka sabini, aliyeishi peke yake ng'ambo ya mashamba ya pamba. Alikuwa na macho mekundu. Miaka hamsini ya kupikia samadi kavu na mabua ya pamba ndani ya kibanda cha moshi ingemfanya yeyote awe na macho mekundu, lakini kwetu Usukumani, miaka ile, macho mekundu kwa kikongwe yalikuwa hukumu ya uchawi isiyo na hakimu. Ng'ombe akifa, watu walimtazama yeye. Mtoto akiharisha, walimtazama yeye. Na sote tulijua kwamba katika vijiji vingine, vikongwe wa macho kama yale walikuwa wamekatwa mapanga milangoni mwao. Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo naichukia mpaka leo, kwa maana nimeona ilivyotumika.

Baba alimketisha Bibi Ng'washi benchi la mbele. Ulikuwa mwaka wake wa tatu darasani. Mara mbili alikuwa ameshindwa mtihani wa ubatizo kwa sababu kichwa chake hakikushika majibu ya kitabu cha katekisimu. Ukimwuliza swali alifikiri kwanza, na kitabu hakitaki ufikiri, kinataka ukariri.

Basi, Januari ya mwaka 1995, Padre alibatiza watoto wachanga. Mmojawao alikuwa mjukuu wa Mzee Josephat, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango. Ibada ilipokwisha, mama wa mtoto, Leonsia, akatoka nje amempakata, watu wamejaa uwanjani. Bibi Ng'washi akawapenya. Alipofika mbele yao akapiga magoti mavumbini, akapiga makofi polepole kama tunavyowaamkia wakubwa, akamwambia yule mtoto wa wiki tatu, "Shikamoo."

Tangu lini bibi akamwamkia mjukuu? Leonsia alipiga yowe, akamfunika mtoto kwa kanga, akakimbia kama aliyeona nyoka.

Jioni Baba alimfuata Bibi kwake, nami nikamfuata Baba. "Mayu, ilikuwaje?" akamwuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Si wewe ulisema wakibatizwa Mungu anaingia kwao?" Bibi alishangaa kuulizwa. "Nimemwamkia aliyeingia. Ulitaka nimpite tu kama nimpitavyo mbuzi?"

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, maana alikumbuka uso wa Leonsia.

Sitaki kumchora Josephat kuwa shetani. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika tangu ujana wake, mpaka walipokuja wanunuzi binafsi wa pamba na magari yao, ushirika ukalala chali, naye akabaki na kiti cha uenyekiti tu. Isitoshe alikuwa babu mwenye hofu. Lakini huwezi kumwandikia Padre kwamba unaogopa mchawi, maana atakuuliza imani yako iko wapi. Kwa hiyo Josephat akaivika hofu yake kanzu ya kanisa. Aliandika kwamba Katekista Luhaga anafundisha kuwa binadamu ni Mungu, na matokeo yake watu wameanza kuabudu watoto. Akaongeza kuwa hayo ndiyo mafundisho ya yule mhubiri wa suti kule Mwanza mjini.

Hapo alipata pa kushikia. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, mitumba, redio za kaseti, soda za kopo, na manabii pia. Huyo wa suti alikuwa akisimama viwanjani na spika zake akiwaambia watu, "Wewe ni mungu mdogo! Amuru! Amuru nyumba, amuru gari!" Alijua Mungu anataka nini kwa kila mtu, hata rangi ya gari. Baba alipata kumsikiliza siku moja alipovuka kwenda kununua mipira ya baiskeli. Alirudi amekasirika, na Baba alikuwa hakasiriki ovyo. "Huyu anasema wewe ni mungu, basi amuru," alisema. "Mimi nasema Mungu amekuja kwako, basi piga magoti. Haya mawili yanafananaje?"

Hayafanani hata kidogo, lakini barua ilikuwa imeshakwenda.

Padre wetu mpya aliitwa Kashaija, Mhaya wa Bukoba aliyesoma Roma, na ukikaa naye dakika tano Roma ilikuwa imeshatajwa. Alifika kwa pikipiki Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi. Halmashauri ilikaa kanisani pamoja na wakatekumeni wote thelathini na mmoja. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya chai, na hata kama kusingekuwa na chai ningekuwepo.

"Tumsifu Yesu Kristo," Padre alisema.

"Milele amina."

Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Alisema Katekista Luhaga ni mtu mwema na hakuna anayesema amezusha. Ila maneno hayo ya mwanadamu kushiriki umungu yana historia ndefu. Wakristo wa Mashariki wameyasema hivi, wa Magharibi wameyasema vile, wasomi wamebishana karne kwa karne mpaka wametengana. Ni maneno ya kuzungumzwa na watu waliosoma. Huku vijijini yanaleta vurugu, kama tulivyoona. "Kwa hiyo, Katekista, fundisha maswali na majibu yaliyomo kitabuni, basi. Hayo mengine yaache."

Akatoa karatasi aliyokuwa ameichapa. Baba akiweka sahihi kwamba hatafundisha tena habari ya kushiriki umungu, wakatekumeni wote wangebatizwa Pasaka, na hata Bibi Ng'washi angesamehewa mtihani kwa ajili ya uzee wake. Asipoweka, darasa lingesimama mwaka mzima mpaka apatikane katekista mwingine.

Nilimtazama Baba. Najua alichokuwa anafikiri kwa sababu mimi nami nilikuwa nakifikiri. Bibi Ng'washi akirudishwa nyumbani bila ubatizo mara ya tatu, baada ya lile yowe la Leonsia, kijiji kitasema hata Padre amemwogopa. Mwaka ni mrefu kwa kikongwe mwenye macho mekundu, tena anayelala peke yake.

Baba akasimama, akaenda mezani, akachukua kalamu. Aliishika kwa mkono uliozoea kubana spoki. Nilimwonea uchungu ambao sijawahi kumwonea mtu mwingine.

"Yeremia, weka hiyo kalamu."

Alikuwa Bibi Ng'washi, amesimama benchi la mbele. Pale kigangoni sote tulimwita Baba Katekista. Yeye peke yake alimwita jina lake, kwa kuwa alimzidi umri na alikuwa amemjua tangu anachunga ndama.

"Mayu, nisipoandika hubatizwi," Baba alisema.

"Na ukiandika, nabatizwa niingie wapi? Miaka mitatu umenionyesha mlango. Leo unataka kuufunga ili mimi nipite?"

Josephat akasema, "Mama, kaa chini, Padre anaongea." Lakini Padre alikuwa amekwisha kumgeukia Bibi. Labda alichokozwa kidogo. Msomi hapendi kukatizwa, ila hukumbuka adabu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia.

"Marahaba, baba."

"Wewe ndiye uliyempigia magoti mtoto?"

"Ndiye mimi."

"Kwa hiyo yule mtoto ni Mungu?"

"Hapana, baba," Bibi alijibu. "Alikuwa amekojoa. Nilisikia harufu."

Kanisa zima liliangua kicheko, na Josephat naye kicheko kilimponyoka, akakimeza haraka. Padre aliuma mdomo. "Sasa ulikuwa unamwamkia nani?"

"Aliyeingia kwake siku ile."

"Yaani Mungu. Vizuri. Basi nieleze, mama. Mungu ni nani?"

Lilikuwa swali la kwanza la kitabu, lile lile lililomwangusha mara mbili. Nilimwombea alikumbuke jibu. Nilitikisa midomo nikijaribu kumnong'oneza, lakini alikuwa hanitazami.

"Hapo, baba, Katekista ametufundisha tunyamaze," alisema, na akanyamaza.

Nimefundisha watoto miaka mingi, ninajua ukimya wa mtu aliyesahau. Huo wa Bibi haukuwa huo. Alisimama wima, mikono imeshikamana mbele, akimtazama Padre kwa macho yale ambayo watu wa kijiji chetu walikuwa wakiyakwepa. Padre alingoja. Sote tulingoja. Kuku aliingia mlangoni akadonoa chini ya benchi, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

Kisha Bibi akasema, "Na mimi nina swali. Mkinimwagia maji siku ya Pasaka, huyo ataingia na kwangu? Au penye macho haya hapiti?"

Neno ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalitafuna chini chini tangu Januari, yeye alilitoa akaliweka mezani, mbele ya Padre, juu ya ile karatasi iliyochapwa. Josephat aliinamisha kichwa. Hakukiinua kwa muda mrefu.

Padre Kashaija akajibu kwa sauti ndogo. Sikuisikia Roma hata kidogo katika sauti hiyo.

"Ataingia, mama."

"Na macho haya haya?"

"Na macho hayo hayo."

"Basi waambie hawa," Bibi alisema, akaketi. "Mimi Yeremia alishaniambia."

Halafu Padre akamwuliza Baba, kama mtu anayemwuliza mwenzake wa kazi, alijifunza wapi maneno yale. Baba akamweleza habari ya tone la maji na padre wa kikohozi. Padre akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Miaka kumi na miwili natia tone hilo kila asubuhi," alisema. "Nanong'ona maneno hayo, na kichwani nafikiria chai." Kisha akamtazama Baba. "Endelea kufundisha, Katekista. Yote mawili, ya kitabuni na ya tone la maji. Na ile sehemu ya kunyamaza usiisahau, maana mimi niliisahau."

Baba alisema tu, "Asante, Padre." Alirudi mahali pake, akakaa karibu na mlango. Wengine wangeringa. Mimi niliringa kwa niaba yake. Nilimmiminia Padre chai nikiwa nimenyoosha shingo kama twiga, na sukari nikamtilia Baba mara mbili.

Jumapili ya Pasaka asubuhi walibatizwa wote thelathini na mmoja. Bibi Ng'washi alikuwa wa mwisho kwa kuwa alitembea polepole. Maji yalipomtiririka usoni hakuyafuta. Padre akamshika mkono, akamgeuza awatazame waumini, na yale maneno ambayo mapadre huyanong'ona akayatamka kwa sauti, tukayasikia sote. Kisha akasema, "Mmesikia anaingizwa wapi mama huyu. Atakayemwogopa au kumgusa, ajue ni nani aliyemo ndani yake. Zaidi ya hapo siwaelezi, kwa sababu zaidi ya hapo sijui."

Padre mwenye digrii ya Roma alisema sijui mbele ya watu mia tatu, na hakuna aliyemdharau. Hilo alilipata kwa fundi baiskeli. Naomba mlikumbuke.

Josephat hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Aliacha tu kuzungumza habari za macho ya watu. Lakini mwaka wa tatu baada ya hapo surua ilipita, watoto wawili wakafa katika juma moja, na vijana wakaanza kukusanyika kule dukani wakitaja jina la Bibi. Aliyewaendea alikuwa Josephat, peke yake, na fimbo yake. Hakuwahubiria. Aliwaambia, "Mimi nilikuwepo alipobatizwa. Nilisikia ni nani aliyeingia mle. Anayetaka kwenda, apite hapa kwangu kwanza." Vijana wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akijidai ana ng'ombe wa kurudisha.

Katika miaka hiyo, vikongwe watatu waliuawa vijijini huko jirani. Kwetu hakuuawa hata mmoja. Watu wanaobishana kama mwanadamu aweza kushiriki umungu wa Mungu au hawezi, na kwa kiasi gani, na kwa neno gani la Kiyunani, ninawaheshimu. Ila wakimaliza kubishana, waje niwaeleze hesabu hiyo.

Bibi Ng'washi alifariki mwaka 1999, wakati wa palizi. Jirani alimpelekea uji asubuhi akamkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu, amekwisha kupoa. Baba alimzika, kisha akaleta nyumbani kitabu cha marehemu cha kigango ili akijaze kwa utulivu. Mimi nilikuwa likizo. Aliandika jina, akaandika tarehe, na alipofika kwenye safu ya chanzo cha kifo aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Alipomaliza hakukifunga. Alikigeuza upande wangu na kuniambia nisome kwa sauti, ili na Mama asikie kule jikoni.

Nikasoma: "UZEE."